Barafu ya Susukino

Nilianguka Susukino, mjini Sapporo, Japani, mbele ya foleni ya teksi, mikono yote miwili ikiwa mfukoni. Hiyo mikono ndiyo iliyomuudhi binamu yangu kuliko kuanguka kwenyewe.

"Kaka, jana uwanja wa ndege nilikwambia nini?"

Aliniambia mengi. Alikuwa na mwaka wa tatu Sapporo, akisomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Hokkaido, nami nilikwenda kumtembelea wiki ya tamasha la theluji, Februari, kabla ya korona. Ndani ya treni kutoka uwanja wa ndege wa New Chitose, mwendo wa dakika kama 40, alinipa somo zima. Vaa nguo nyembamba nyingi badala ya koti moja zito, maana madukani na kwenye treni kuna joto la kukutoa jasho, na ukitoka nje na jasho lako ndilo litakalokugandisha. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo itazima huku inaonyesha chaji nusu. Mikono usiifiche. Hilo la mwisho nililiweka fungu moja na maneno ya mama zetu kuhusu sweta.

Kosa langu ni kwamba kutoka Tanga nilijiandaa kupambana na baridi, na baridi ya Sapporo, ukishavaa, inavumilika. Wastani wa Februari ni kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Jua likitoka mchana, kipimo hugusa sifuri au hupita kidogo, na shida huanzia hapo. Mji huu wa watu wanaokaribia milioni 2 huangukiwa na theluji ya karibu mita 5 kwa msimu, ukijumlisha yote. Theluji mpya haina neno. Inalia kwaru kwaru chini ya kiatu na inakushika. Inayoangusha watu ni ya juzi, iliyokwisha kukanyagwa, ikayeyuka juujuu mchana, ikaganda tena usiku.

Kwenye vivuko vya barabara kuna la ziada. Zamani magari ya huko yalivaa tairi za njumu wakati wa baridi, zenye vichwa vya chuma vya kung'ata barafu. Theluji ikipungua, chuma kile kiliing'ata lami, na mji ukijaa vumbi la lami hiyo kila majira ya baridi yanapoisha. Sheria ya 1990 ikaziondoa. Zilizoshika nafasi yake ni za mpira laini usio na chuma. Zinafanya kazi vizuri, ila kila gari linapofunga breki kwenye mataa, na tena linapoondoka, linaisugua barafu ileile mahali palepale. Magari ya siku nzima yakipita hivyo, unapata kioo. Wenyewe wana neno lake, tsurutsuru, na hata kama hujui Kijapani, ukilitamka unahisi mguu unakwenda.

Basi tulikuwa Susukino, mtaa wa baa na migahawa, ambako teksi hazikatiki usiku kucha. Kufika hapo ni rahisi, na kwa mtu wa Ngamiani ya Tanga, aliyekulia kwenye barabara zenye namba, Sapporo hapotei. Bustani ya Odori inaugawa mji kaskazini na kusini, kijito cha Sosei kinaugawa mashariki na magharibi, na kutoka hapo unahesabu tu: Minami 4 Nishi 3 ni safu ya nne kusini, ya tatu magharibi. Namba imeandikwa kwenye nguzo ya mataa. Hata mataa yenyewe yamepangwa wima, tofauti na sehemu nyingi za Japani ambako yamelala, ili theluji isipate pa kukaa.

Njia ya miguu tuliyokuwa tukipita ilikuwa kavu kabisa. Nikadhani wamefagia. Kumbe chini yake pana mitambo ya kupasha joto, kama ilivyo mbele ya majengo mengi ya katikati ya mji. Theluji ikidondoka inakuwa maji. Maji hayo hutiririka mpaka joto linapoishia, yanaganda hapo, na mpaka huo, ambao upana wake haufiki hata mkeka, ndio mahali pabaya kuliko pote. Dakika tano za zege kavu zilitosha kunirudishia mwendo wa nyumbani. Kisigino cha kulia kilitangulia kama kinavyotangulia siku zote, kikagusa ule mpaka. Sikuyumba. Mguu uliondoka tu, na nilichokiona baada ya hapo ni taa za matangazo juu ya ghorofa.

Nilitua kwa kitako na kiwiko. Kichwa kilinusurika kwa sababu ya mkoba wa mgongoni, ambao binamu alikuwa ameukazania asubuhi nilipotaka kubeba wa mkononi. Dereva wa teksi ya kwanza alishuka, akauliza jambo kwa upole, akainama. Nami nikainama palepale nilipokaa.

"Ukiona unakwenda," binamu akaniambia akininyanyua, "vuta kidevu kifuani, jikunje, lala kwa ubavu. Usitangulize mkono umenyooka, utavunja kifundo. Lakini kwanza uwe nao huo mkono nje."

Kisha akanifundisha kutembea, mtu mzima wa miaka 41, kwenye kona ya barabara.

Wenyeji huwaambia wageni watembee kama pengwini. Mimi pengwini sijapata kumwona, kwa hiyo haikunisaidia hadi aliposema, "Kwani mama zetu wanaochokoa pweza wanakanyagaje mwani?" Hapo nikaelewa mara moja. Maji yakipwa, kwenye miamba yenye mwani, hakuna anayetanguliza kisigino. Unashusha soli nzima kwa mpigo mmoja, wima, kutoka juu kwenda chini. Hatua nusu ya kawaida. Magoti yamelegea kidogo. Kiwiliwili kinaegemea mbele juu ya mguu uliotangulia, maana ukikiacha nyuma ndipo unapoanguka chali. Na husukumi ardhi kwa vidole ili uende. Unanyanyua mguu na kuuweka. Kwenye kivuko usikanyage mistari myeupe ukiweza kuikwepa: rangi haina vinyweleo vya lami, maji hukaa juu yake na barafu yake huteleza zaidi. Na usikimbilie taa ya kijani inayopepesa. Hapo ndipo wageni wengi wanapoangukia, wakiwa na haraka na masanduku yao.

Viatu vyangu vilikuwa buti nzuri za ngozi, soli ngumu yenye mifereji ya kina kifupi. Bure kabisa. Mpira mgumu kwenye baridi unazidi kuwa mgumu, na hauna unachokishika. Kesho yake tukaingia duka la viatu nikanunua njumu za kuvalisha: mkanda wa mpira unaopita mbele ya kiatu na nyuma ya kisigino, chini umepandwa vijisumari vifupi, bei yeni elfu moja na kitu. Huuzwa kila mahali, hata kwenye vibanda vya stesheni. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Vijisumari viwe na chini ya kisigino pia, maana aina ya bei rahisi huweka vya mbele tu, na kisigino ndicho mkosaji. Na mpira uvute kwa nguvu dukani, umevaa kiatu chenyewe; ukilegea utauacha kwenye theluji bila kujua na kuendelea na mguu mmoja wenye njumu, jambo ambalo ni baya kuliko kutovaa kabisa.

Nilitoka nazo nikitamba. Nje zilishika ajabu, kla kla kla, nikavuka mataa matatu kama mzaliwa wa pale. Tukashuka ngazi kuingia njia ya chini ya ardhi, na kwenye vigae vya hapo, vilivyolowa theluji ya viatu vya watu, nikateleza mara ya pili. Safari hii nilidaka ukuta. Chuma juu ya kigae hakina cha kung'ata. Kinakuwa kama magurudumu. Ndiyo maana maduka mengine hubandika tangazo mlangoni la kukutaka uzivue. Tangu hapo nilizivua kwenye ngazi ya mwisho na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba. Kuvaa na kuvua huchukua nusu dakika kila mguu, na glavu lazima uzivue, na vidole vinauma. Baada ya siku moja nilielewa kwa nini wenyeji wengi hawazivai: wananunua buti zenye soli laini ya msimu wa baridi, basi.

Ile njia ya chini ya ardhi yenyewe ndiyo ningemshauri mgeni aanze nayo. Kipande cha mita 520 kati ya stesheni kuu na Odori kilifunguliwa Machi 2011, kikaungana na mitaa ya maduka iliyokuwepo, na sasa unatoka stesheni hadi Susukino bila kukanyaga theluji. Koti mkononi, mwendo wa kawaida. Laiti jana yake tungepita huko.

Tamasha tuliliona usiku ule. Lilianza mwaka 1950 na sanamu sita za wanafunzi. Siku hizi baadhi ya zile kubwa, nyingine zenye kimo cha jengo la ghorofa, hujengwa na wanajeshi kwa theluji inayoletwa kwa malori. Odori unapita upande mmoja kwenda na mwingine kurudi, kilomita moja na nusu hivi, na huruhusiwi kugeuza katikati, kwa hiyo ukiruka sanamu uliyoitaka utazunguka upya. Theluji inayokanyagwa na umati ule ni somo jingine la pweza. Chakula, kwa mimi nisiyekula nguruwe, rameni ya miso, yaani tambi za mchuzi wa soya iliyochachushwa, ilikuwa na mashaka, maana mchuzi wake aghalabu ni wa mifupa ya nguruwe. Tukala supu ya kari, ambayo Sapporo wanajivunia: paja zima la kuku, boga, karoti, bilinganya, mchuzi mwepesi, wali sahani ya pembeni, na ukali unauchagua kwa namba. Nilichagua 3 kwa heshima. Ningeweza kwenda juu.

Siku ya kuondoka, saa moja asubuhi, nilikuwa peke yangu kwenye kivuko karibu na nyumbani kwa binamu. Kulikuwa na mama mzee ananitangulia. Kwenye kona palikuwa na sanduku kama kabati dogo, ambalo siku zote nilidhani ni la umeme. Akafungua mlango wake, akatoa mfuko wa kama kilo moja wenye vijiwe vilivyosagwa, akauchana pembe, akaanza kumwaga mbele ya miguu yake. Kumbe vimewekwa kwa ajili ya mpita njia yeyote, amwage mwenyewe, kisha avuke.

Nami nikachukua mfuko. Nikaumwaga wote pale niliposimama, ukafanya kichuguu. Yule mama akanitazama, akatikisa kichwa bila ukali, akachota kiganja kimoja kwenye kichuguu changu na kunionyesha: mkono chini, karibu na goti, kiganja kinafunguka kidogokidogo huku kinapepea, kama anayewatupia kuku mtama. Vijiwe vikatawanyika juu ya kioo chote, kimoja hapa, kimoja pale, na kila kimoja kikazama kidogo na kukaa. Nikafanya kama alivyofanya. Akakunja mfuko wake mtupu, akautia mfukoni, akaangalia taa. Ikawa kijani, tukavuka, yeye mbele, mimi nyuma, mikono nje.