Swali lisilokuwepo kwenye kadi

Leo kliniki ya wajawazito imeisha saa tisa alasiri, na hadi sasa namuwaza yule binti wa mimba ya miezi mitano. Presha nzuri, damu ya kutosha, uzito unapanda. Nilikuwa nafunga kadi yake aliposema kichwa kinamuuma kila mumewe anapochoma dhahabu.

"Anachomea wapi?"

"Jikoni, sista. Nje anaogopa wezi."

Nina miaka tisa huku Geita. Nawajua wachimbaji wadogo: mawe yakishasagwa kwenye karasha wanachanganya na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu, kisha lile donge linawekwa motoni mpaka zebaki iruke. Inarukia wapi? Kwenye kuta, kwenye sufuria, kwenye mapafu ya aliyekaa pale. Mvuke wenyewe hauonekani wala haunuki. Kwa mjamzito unapita kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Yote haya nilifundishwa, na kwa miaka tisa sijamuuliza mama hata mmoja. Kadi inauliza malaria, inauliza VVU; haiulizi jikoni kunachomwa nini. Nami nilifuata kadi. Linaniuma sana.

Nimeliandika swali hilo kwa kalamu pembeni mwa rejista. Kuanzia kesho kila mama ataulizwa.

Jioni binti alirudi na mumewe. Sikumgombeza, ile ndiyo riziki yao. Nilimweleza habari za retoti, chombo cha chuma kinachofunikwa donge likiwa motoni: mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unageuka tena zebaki ya kutumia siku nyingine. Na hata akiwa nayo, achomee mbali na nyumba.

"Kumbe nilikuwa nachoma hela," akasema.

"Na mwanao anaivuta, baba."

Akainama, kimya.

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika 2017, unazitaka nchi zenye wachimbaji kama hawa zichukue hatua za kukomesha uchomaji huo kwenye makazi. Ni jambo jema, ila anayesikia habari za jiko la mama huyu ni nesi wake.

Nimezungumza na mganga mfawidhi, ameniruhusu Jumamosi niende mwaloni, kule wachimbaji wanakosagia mawe. Mwenyekiti wa wachimbaji amenipa nusu saa, kabla makarasha hayajawashwa.