Nilivyoifunga Bacula ofisini Moshi: Windows, Mac na Linux

Ofisi yenyewe si mbali na soko la Mbuyuni. Ina kompyuta nne za Windows, Mac moja ya kijana anayetengeneza vipeperushi, na seva ya Debian (aina ya Linux) niliyoifufua kutoka kwenye kompyuta ya zamani. Mama mhasibu alikuwa akitunza hesabu za wanachama kwenye flashi. Siku flashi ilipogoma kusomeka, aliigeuzageuza mkononi kimya, halafu akaniambia, "Mwanangu, nitafutie njia isiyosubiri mimi nikumbuke."

Nikachagua Bacula, programu huria ya kuhifadhi nakala za faili (bakapu), iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000. Imegawanyika vipande: Direkta ndiye msimamizi anayepanga kazi gani ifanyike saa ngapi, kila kompyuta inawekewa programu ndogo ya mteja, na kipande cha hifadhi ndicho kinachoandika kwenye diski. Orodha ya kila faili lililohifadhiwa inakaa kwenye hifadhidata, nami nilitumia PostgreSQL.

Windows ilinitaka mambo mawili tu: kufungua poti 9102, mlango wa mtandao wa programu ya mteja, kwenye fayawoli (kinga ya mtandao), na kuandika njia za folda kwa mkwaju wa mbele, C:/Users. Mac nayo haikusumbua sana.

Kilichonila siku mbili ni hiki. Bakapu ya seva yenyewe ilikwenda bila shida. Za Windows zilianza, zikakwama. Nikiuliza hali ya mteja kwenye bconsole, sehemu ya kuandikia amri za Bacula, anajibu vizuri kabisa. Nenosiri nikalikagua mara tatu, linafanana pande zote. Usiku wa pili ndipo nikasoma tena sehemu ya Storage (hifadhi) kwenye bacula-dir.conf, faili la mipangilio ya Direkta: anwani ilikuwa localhost, yaani "kompyuta hii hii". Kumbe Direkta humpa mteja anwani hiyo hiyo, na mteja ndiye anayekwenda mwenyewe kuitafuta hifadhi. Kompyuta ya Windows ikiambiwa localhost, inajitafuta yenyewe! Nikaweka anwani halisi ya seva, na kwenye bacula-sd.conf, faili la mipangilio ya hifadhi, nikaondoa 127.0.0.1 (localhost ile ile kwa tarakimu) ambayo Debian huiweka, maana nayo huifanya hifadhi isisikilize mtu wa nje. Nikawasha upya. Faili zikaanza kumiminika, na nilifurahi mno.

Ratiba nayo niliibadilisha. Ile inayokuja na programu huanza saa tano na dakika tano usiku, wakati huku watu huzima kila kitu jioni wakiondoka. Nikaisogeza saa saba mchana, wakiwa kwenye chakula.

Sikumwambia mama kwamba tumemaliza kabla ya kujaribu kurudisha. Nilichukua faili lake la mahesabu kutoka kwenye bakapu, nikalirudisha kwenye folda nyingine nisiguse lile la kazi, nikamwita. Akashuka hadi mstari wa chini, akafungua daftari lake la karatasi, akaifuata jumla kwa kidole, tarakimu moja moja.

"Ni yenyewe," akasema. "Sasa na ya mwezi uliopita, hebu niione."