Ndizi Ina Mbegu Wapi?

Mama yangu alipoelezwa kwamba nimeajiriwa kuzalisha aina mpya za migomba kwa njia ya mbegu, aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha kambini Jinja, ambacho marehemu baba alitulea nacho: "Mwanangu, ndizi ina mbegu wapi?" Swali hilo nimelihangaikia kwa miaka 18, kwanza nikiwa mwanafunzi wa jenetiki na kilimo cha bustani, kisha nikiwa mtafiti.

Mama hakukosea. Mgomba wa matoke una seti tatu za kromosomu 11 (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), yaani 33 kwa jumla, na seli ya uzazi inapojaribu kuzigawa sehemu mbili sawa, hesabu inakataa. Ndiyo maana tunda hukomaa bila mbegu na mkulima hupanda machipukizi, jambo ambalo ni zuri kwa mlaji lakini ni la hatari kwa shamba, kwa kuwa chipukizi ni nakala ya mama yake, udhaifu wake wote ukiwemo. Sigatoka nyeusi, ugonjwa unaokausha majani, haina haja ya kujifunza upya kila mgomba.

Kinga tuliitafuta kwa Calcutta 4, mgomba mwitu wenye asili ya Burma, ambao ndizi zake ni ndogo, zimejaa mbegu ngumu, na hakuna mtu angezipeleka mezani. Baadhi ya migomba ya matoke, mara chache sana, hutoa yai lililobeba kromosomu zote 33 bila kuzigawa. Yai hilo likipata 11 za chavua ya Calcutta 4, huzaliwa mche wenye 44. Mche huo ukichavushwa tena na mgomba wenye 22, kila mzazi akitoa nusu yake, tunarudi kwenye 33, yaani ndizi isiyo na mbegu, safari hii ikiwa na kinga. Kwenye karatasi ni mistari miwili. Shambani ni miaka mingi, maana kila kizazi lazima kikue, kizae na kupimwa zaidi ya msimu mmoja.

Kazi yenyewe hufanyika asubuhi, chavua ikiwa bado mbichi: unapanda ngazi, unapaka chavua kwenye maua ya kike, unaufunika mkungu kwa mfuko na kuning'iniza kibandiko. Mkungu ukiiva, unaminya nyama ya kila ndizi kwa vidole, polepole, mpaka mikono inanata hadi kwenye viwiko, ukisubiri kugusa kitu kigumu kama punje ya pilipili manga. Mara nyingi hukigusi. Mwaka wangu wa pili nilipata mbegu sita katika mkungu mmoja, nikapiga kelele shamba zima likasikia, kisha nikageuza kibandiko: nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino, na mvua ilikuwa imefuta jina la mgomba baba, uliotoa chavua. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli.

Hata mbegu ikipatikana, ukiifukia tu udongoni kwa kawaida haioti. Tunaipasua chini ya hadubini, tunatoa kiinitete na kukilea ndani ya chupa maabarani. Jenomu ya ndizi, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka 2012, na siku hizi kipande cha jani la mche hutuambia mapema mambo ambayo zamani tuliyasubiri shambani.

Jani, hata hivyo, bado halijanieleza matoke yatakuwaje sahanini. Kiwangaazi, aina mpya ya matoke iliyotolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2010, inastahimili Sigatoka nyeusi, lakini nimeketi na wapishi waliolalamika kwamba rangi yake haifikii umanjano wanaoutaka. Zamani niliyaona malalamiko hayo kuwa ya anasa. Sasa naona tulichelewa kuwaita wapishi.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama mkungu wa mche mmoja ambao bado una namba tu. Aliyamenya, akayafunga katika majani ya mgomba, akayapika kwa mvuke, akayaponda, kisha akayabonyeza kwa kidole gumba na kuyaacha yapoe kwanza, kwa kuwa matoke mabaya hujificha yakiwa moto. Alionja mara mbili.

"Haya nitapata lini machipukizi?"

Nilimwambia huenda miaka minane. Akasema basi kwa sasa ataendelea kupanda matoke yake ya kienyeji, Nakitembe.