Makengeza ya Binti Yangu
Kwa muda mrefu nyumbani tuliyaita makengeza ya binti yangu urembo, wala hatukujua kwamba ubongo wa mtoto huweza kulipuuza jicho lililopinda hadi uwezo wake wa kuona ukafifia. Daktari alimziba jicho lisilopinda kwa kiganja, akatazama jinsi lile jingine lilivyoruka kuitafuta kalamu aliyoishika. Kisha akammulika mboni, kwa kuwa weupe ndani yake huweza kuashiria saratani. Miwani ilitangulia, pamoja na kuzibwa jicho. Katika upasuaji, akiwa chini ya nusukaputi, msuli mmoja kati ya 6 ya kila jicho ulisogezwa nyuma milimita chache tu. Jicho halitolewi kichwani, kama jirani alivyotutisha. Jioni alitokwa na machozi mekundumekundu, akaomba uji.