Nilivyopiga hesabu ya kuweka helikoili kwenye vifuniko 150 vya alumini

Mteja alikuwa na vifuniko 150 vya pampu, kila kimoja na matundu manne ya bolti za M6, yaani zenye kipenyo cha milimita 6. Pampu hizo hufunguliwa kila sevisi, na meno ya alumini hayavumilii kufungwa na kufunguliwa, mwisho yanang'oka. Akataka kila tundu liwekewe helikoili, ule waya wa chuma cha pua uliosokotwa kama springi, unaobaki ndani na kuwa meno mapya. "Fundi, si kuchomeka vispringi tu hivyo?" Kichwani alikuwa na bei ya dukani: shilingi 500 kwa koili moja.

Sikumtajia bei papo hapo. Nilimwomba kifuniko kimoja kibovu, nikakifanyia kazi mwenyewe huku simu ikihesabu sekunde. Kutoboa kwa biti ya milimita 6.3, sekunde 20. Kukata meno, 40. Hapa tepu ya kawaida ya M6, yaani kile kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu, haifai, maana koili kwa nje ni nene kuliko bolti, na tepu yake huipati kila duka. Kupuliza vumbi la alumini, 10. Kuzungusha koili mpaka izame kidogo chini ya uso, 25. Kuvunja mkia na kuutoa, 15. Kupima kwa geji, 15. Ukiongeza sehemu ya muda wa kufunga na kufungua kifuniko kwenye mashine, unapata sekunde 140 kwa tundu.

Huo mkia ndio watu wengi huusahau. Ni kipande cha waya ambacho kifaa cha kuingizia hukishika ili kuivuta koili. Matundu haya yalikuwa yameziba chini, kwa hiyo mkia ukiachwa humo bolti inaugonga kabla haijakaza. Lazima utolewe kwa kibano, mmoja mmoja, mara 600.

Matundu 600 kwa sekunde 140 ni saa 23 na ushee. Lakini fundi hunywa maji, hubadilisha biti, huitwa mlangoni. Katika kila saa mimi huhesabu dakika 45 za kazi. Ikawa saa 31. Saa ya karakana yangu, yaani fundi, umeme na pango, ni 15,000. Hiyo ni 775 kwa tundu, koili bado iko kwenye pakiti.

Tepu mbili, moja ya akiba, 120,000. Kishikilio cha kuweka kila kifuniko pale pale, 90,000. Vyote viwili vinaongeza 350 kwa tundu. Koili 30 za ziada, 25. Kisha swali ambalo nashauri liulizwe mapema: kifuniko kikiharibika mikononi mwangu, nani analipa? Kimoja ni 18,000. Nikaweka vitatu kwenye hesabu, 90 kwa tundu, na kuandika hivyo kwenye makadirio.

Jumla, pamoja na 500 ya koili yenyewe, 1,740 kwa tundu, faida haijaingia. Koili haifiki hata theluthi.

Mteja akasema basi tujaribu vifuniko 20 kwanza, kwa bei hiyo hiyo. Nikamwonyesha kwamba kwa matundu 80, tepu na kishikilio peke yake vinafika 2,625 kwa tundu. Tukakubaliana vifaa avilipie mbali mwanzoni, na kazi tuihesabu kwa tundu, aanze na idadi anayotaka.