Kabla sampuli haijafika kwenye mashine

Wengi ninaozungumza nao hapa Kisumu huamini kwamba kesi ikishafikia kipimo cha DNA basi imekwisha, kwa kuwa mashine haidanganyi. Mashine sina ugomvi nayo. Wasiwasi wangu uko pale sampuli inapochukuliwa na kufungwa.

Kinachosomwa ni kidogo mno. Kati ya herufi takriban bilioni 3 za vinasaba (DNA) vya binadamu, yaani A, C, G na T zinazowakilisha kemikali zake nne, maabara husoma sehemu 20 hivi, zilizochaguliwa kwa sababu ndani yake kuna mpangilio mfupi wa herufi, kama vile AATG, unaojirudia kwa idadi inayotofautiana baina ya watu. Katika sehemu iitwayo TH01, unaweza kuwa umerithi marudio 6 kwa mama na 9 kwa baba, nami nikawa na 7 na 8. Mwingine mwenye 6 na 9 hutamkosa katika soko la Kibuye, lakini anayelingana nawe katika sehemu zote 20 huwezi kumtarajia, isipokuwa awe pacha wako wa kufanana. Takwimu kubwa zinazosomwa mahakamani hupatikana kwa kuzidisha uwezekano wa kila sehemu kwa ule wa nyingine. (Ndugu wa damu hulingana zaidi, jambo ambalo mawakili wa utetezi wangefaa kuliuliza.)

Ili zisomeke, sehemu hizo hunakiliwa kwa kupashwa joto la nyuzi 95 hivi na kupozwa, tena na tena, takriban mara 30, huku nakala zikikaribia kuongezeka maradufu kila mara. Ubaya ni kwamba mate ya aliyekusanya ushahidi nayo hunakiliwa. Nchini Ujerumani polisi walimsaka kwa miaka mingi mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio 40 hivi ya uhalifu, hadi ilipobainika mwaka 2009 kwamba vilikuwa vya mfanyakazi aliyeshughulikia kiwandani vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli.

Kwetu adui mkubwa ni joto na unyevu. Nguo yenye damu mbichi ikifungiwa kwenye nailoni, bakteria na ukungu huanza kuvila vinasaba. (Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 haikuletwa kwa ajili hiyo, ila sikitiki.) Anayeijua kazi huiacha nguo ikauke kivulini, huitia katika bahasha ya kaki, huandika tarehe na saa, kisha huweka saini yake ikivuka ukingo wa utepe unaoifunga bahasha ili anayeifungua asiweze kuficha. Aliyedhulumiwa kingono naye afike hospitalini kabla ya kuoga, akiwa na nguo alizovaa.

Baada ya hapo, kila anayeipokea bahasha hutia saini, kuanzia muuguzi hadi afisa wa polisi na Mkemia wa Serikali. Wakili akiuliza ililala wapi kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, na pasiwe na saini ya kumjibu, hakimu anaweza kuukataa ushahidi huo hata kama sehemu zote 20 zinalingana.