Maziwa ya mzee

Karani wa chama cha maziwa hakusema nimetia maji. Naliandika hilo kwanza, kwa sababu tangu Jumatatu nimelirudia neno lake kichwani mara nyingi hata limeanza kuota pembe ambazo halikuwa nazo. Alichosema ni hiki tu: "Anti, maziwa yenu siku hizi yamekuwa mepesi. Ya mzee hayakuwa hivi."

Basi. Akamimina, akaandika kilo, akanichania risiti, akaita wa nyuma.

Na mimi nikamjibu nini? "Sawa."

Sawa! Mimi niliyemwuliza mwenyekiti wa mradi wa maji hesabu ya mabomba hadi akavua kofia kujipepea, na baridi yote hii ya Kinangop (mnaikumbuka siku hiyo, niliwasimulia). Leo kijana mwenye biro nyuma ya sikio ananitajia babu yangu, nami naitikia sawa, nakunja risiti na kuondoka.

Kipimo nilikiona kwa macho yangu. Laktomita, kile kijiti cha kioo cha kupima uzito wa maziwa, ilitumbukizwa kwenye gilasi ndefu, ikazama, ikaibuka, ikacheza kidogo. Karani akapuliza povu kando, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa maziwa. Ikatulia kwenye 27. Mpaka wa chini ni 28. Kipimo cha spiriti, cha kuona kama maziwa yameanza kuchacha, kilipita vizuri, hakuna kilichoganda. Alinipokelea, siwezi kumsingizia. Wapo wanaorudishwa nyumbani na mtungi umejaa. Lakini nyuma yangu palikuwa na foleni, na foleni ya maziwa alfajiri haipitwi na kitu. Mama mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Ni haya majani ya mvua, yamejaa maji." Alikuwa ananitetea. Hapo ndipo nilipojua wote wamesikia.

Usiku nikatunga majibu. La kwanza: mzee alishatutoka, wewe maziwa yake uliyaonja wapi? Kali mno, na mama yake tuko naye chama kimoja. La pili: ng'ombe ni wa ukoo uleule. Hilo ni kweli, ila halijibu kitu. La tatu lilinijia Jumanne nikiwa nafagia banda, nikasimama na fagio mkononi: mbona hukupima joto? Laktomita zetu zimetengenezwa kusoma sawasawa maziwa yakiwa nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi, kila digrii moja inashusha kipimo kama 0.2. Maziwa yangu yalikuwa yametoka kiweleni muda si mrefu, mtungi nimeuzungushia gunia kwa sababu ya barabara ile, basi tuseme yalifika yakiwa nyuzi 30. Ongeza mbili kwenye 27, unapata 29. Nimeshinda! Nimeshinda peke yangu, ndani ya banda, mbele ya ndama.

Katikati ya hayo dada amejifungua pacha, wote wazima, na kesi ya mirathi imesogezwa tena mpaka Septemba.

Nikajiuliza kwa nini naumia hivi kwa sentensi ambayo hata haikuwa na tusi. Nadhani ni lile jina. Huku kwetu Guka si babu yangu peke yangu. Alikuja na lori mwaka 1964, plani ya shamba mfukoni, katika ule mpango wa ekari milioni moja ambao serikali iliuanza 1962 kununua mashamba ya walowezi Wazungu na kuyagawia Waafrika. Familia takriban 35,000 zilipata makao kwa njia hiyo. Ukisikia unadhani ni zawadi. Haikuwa zawadi, ilikuwa deni: mkopo wa miaka 30 wa SFT, mfuko wa serikali wa kuwapa watu makao, na hatimiliki hupewi mpaka umalize kulipa. Huku juu, zaidi ya mita 2,400, sakitu inaweza kushuka usiku mmoja ikaunguza viazi vyote, lakini sakitu haikuahirisha malipo. Zile risiti bado ziko kwenye bati la majani ya chai chini ya kitanda cha Cucu, bibi yangu.

Watu wa rika lao wanapenda kusema walifika mahali patupu. Si kweli, na Guka mwenyewe alikuwa mwepesi wa kukiri hilo. Kabla ya Mzungu hapa palikuwa malisho ya Wamaasai, wakaondolewa baada ya mkataba wa 1904, na majina yao yamebaki kwenye vibao vya barabarani, Ol Kalou, Ol Joro Orok. Kilichokuwa kitupu ni vitu vingine. Hapakuwa na shule ya watoto wao, wakajenga kwa harambee, ukuta wa udongo na mabati juu. Ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, walikuwa wanakufa kwa ndigana kali inayoletwa na kupe, wakafufua josho. Pareto ikahitaji chama, maziwa yakahitaji chama. Katika kila kamati hizo Guka alikuwemo, mara mwenyekiti, mara mweka hazina. Ndiyo maana kijana ambaye hakuwa hata amezaliwa anajua kuwa "ya mzee hayakuwa hivi". Ameyapokea kama watu wanavyopokea methali.

Cucu sikumwambia. Nilijua ataumia. Nilisahau kwamba Jumatano wana mkutano wa akina mama kanisani. Alirudi, akaketi kwenye kigoda chake karibu na jiko, akavua viatu, akaniacha nimmiminie chai kwanza.

"Nasikia karani amesema maziwa yetu yameharibika."

"Hayajaharibika, Cucu. Alisema ni mepesi. Kwamba ya mzee hayakuwa hivi."

"Ya mzee nani?"

"Ya Guka."

Akanitazama hivi. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kukosa pumzi kinachonitia hofu, mpaka nikampokonya kikombe. "Mzee wenu!" akasema. "Mzee wenu alishika chuchu ya ng'ombe siku nilizokuwa kitandani nimejifungua. Na hata hizo, ng'ombe walimpiga teke."

Nilikuwa nalijua hilo na sikuwa nalijua. Nimelelewa nikimwona Cucu bandani kabla jogoo hajawika, na bado nikisikia "maziwa ya mzee" namwona Guka na kofia yake. Shamba liliandikwa jina lake. Chamani mwanachama ni mwenye shamba, hivyo kitabu cha maziwa kikawa chake na malipo ya mwisho wa mwezi yakawa yake. Cucu anasema yeye aliambiwa apige foleni, hakuambiwa aweke sahihi. Alikuwa akikamua taa ikiwa imening'inizwa kwenye mwamba wa banda, mtungi anautia kwenye mfereji wa maji yanayotoka msituni na kuuacha humo mpaka amalize kuwapa ndama na kuwasha moto, ndipo anaupandisha juu ya punda.

"Mfereji wa nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

"Yapoe. Yakifika moto walikuwa wanayatilia shaka."

Hakuna laktomita aliyowahi kuishika. Nikamwonyesha hesabu zangu nilizoandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa chakula cha ng'ombe. Akazishika kwa adabu, kichwa chini, maana hasomi bila miwani, akazirudisha. Kisha akaanza kudai apelekwe chamani. Si kwa hasira. Anataka tu amwone huyo kijana anayeyasifia maziwa yake, amsalimie. Tangu juzi kila anayeingia humu anasimuliwa: mnajua wanayataja mpaka leo? Mpaka leo! Na mimi, niliyekuwa nalala nikisaga meno kwa sentensi ile, najikuta nampa karani shukrani kimoyomoyo. Lakini bado sijamsamehe kuhusu thamomita. Hizo ni habari mbili.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kuchimba mtaro wa mradi wa maji. Kila nyumba ilipewa kipande chake, kuanzia kwenye kidaka maji ukingoni mwa msitu kushuka mpaka shuleni. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba unasikia majembe bila kuona watu. Mtu mmoja akatania kwamba Nairobi wanafungua bomba wanapata maji ya Sasumua, bwawa liko huku kwetu tangu miaka ya 1950, na sisi wenye bwawa tunachimba kwa mkono. Tulicheka, tukaendelea kuchimba. Kipande chetu kina mwamba, kama mnavyoujua, na kaka alikuwa hospitali kwa dada. Karani alimaliza kipande cha kwao, akaja akaingia mtaroni mwetu bila kuombwa, akashika mtaimbo. Anajua kazi, lazima niseme. Hakutaja maziwa, nami sikutaja joto. Ila wakati wa chai nilimwambia kuna mtu nyumbani anataka kumsalimia. Akatazama chini, akauliza kama kuna ubaya. Nikamwacha na wasiwasi huo kidogo. Alistahili angalau nusu saa.

Kuanzia kesho mtungi utakaa kwenye beseni la maji baridi kwanza, na kama akikataa kupima joto nitakwenda na thamomita yangu mwenyewe.

Kinachoninyima usingizi sasa hivi ni viazi. Tulivuna Shangi yote mapema kwa kuogopa ukungu wa majani, sasa imejaa stoo hadi mlangoni, na Shangi haijui kusubiri; jana nimeona macho meupe yameanza kwenye magunia ya chini. Broka aliahidi Ijumaa. Ijumaa akasema Jumapili, na eti atachukua magunia ya mukorino tu, yale ya kujazwa hadi wavu unasimama kama kilemba, wakati sheria ni kilo 50 na sote tunaijua. Nilimwambia hapana. Sasa simu yake inaita tu, haipokelewi, na karo ya muhula inatakiwa wiki ijayo. Labda nimjaribu yule mwingine wa Njabini, ingawa bei yake mnaijua.